Kamera ya Kwenda Nayo Unguja

Ijumaa, 23 Mei 2008. Ghubra, Maskati

Khalati kapiga simu baada ya sala ya Ijumaa. Unguja iko gizani tangu juzi usiku. Waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara umepata hitilafu, kisiwa kizima kimezimika. Pemba wana majenereta yao, wanawasha taa kama kawaida, na khalati hilo hakulipenda. Harusi ya bintiye haisogei: mwisho wa mwezi ujao, umeme uwepo usiwepo. "Mwambie mama yako, sisi tuliolewa kwa karabai," kasema, "na huyu ataolewa kwa karabai."

Mama kacheka. Mimi niliwaza chaja.

Maana safari hii siendi kutembea tu, nina kazi mbili. Ya kwanza ni kuzipiga upya picha za zamani zilizobaki kwa khalati, Malindi ya Unguja, za ukutani na za albamu, kwa kuwa zetu zilikwenda na maji. Ya pili ni harusi yenyewe, upande wa wanawake, ambako mpiga picha mwanamume hatii mguu. Kijana wangu kashikilia kwamba Nokia yake, hiyo N95, ina megapikseli tano na inatosha. Inamtosha yeye. Swali langu ni moja: nichukue kamera ndogo ya mkobani, au nijitose kwenye SLR, ile kubwa ya kubadilisha lenzi?

Alhamisi, 29 Mei

Siku ya mapumziko, nikaenda Ruwi. Dukani kuna kijana wa Kimalabari anayejua kutaja bei kwa Kiswahili kwa ajili ya wateja wake wa Kizanzibari, na akifika kwenye "themanini" hujivuna kidogo. Kanipangia kamera juu ya kioo, kuanzia ya rahisi.

Canon PowerShot A720 IS: megapikseli 8, zumu ya mara sita, lenzi inayotuliza mtikisiko wa mkono, na ndani yake betri mbili za kawaida, zile za redio. Hapo niliinua kichwa. Betri hizo hata kiduka cha uchochoroni Malindi hakizikosi, na kwa hali ya Unguja ya sasa hilo peke yake ni hoja. Ikafuata PowerShot G9, megapikseli 12, mwili wa chuma, ukiishika unajua umeshika kitu. Lakini betri yake ni ya kwake mwenyewe, na isipochajiwa ndiyo basi. Kisha zile kubwa: Nikon D40 na Canon EOS 400D. Bei ya 400D imelegea kwa sababu mwaka huu imetoka 450D na wenye kupenda vipya wanaikimbilia hiyo.

Kijana akaniuzia hesabu anayomuuzia kila mtu: D40 ina sita, G9 ina kumi na mbili, basi kumi na mbili ni bora. Nikamwuliza sensa ya hii ina ukubwa gani na ya ile ukubwa gani. Kaenda nyuma kutafuta vijitabu. Nimerudi navyo nyumbani.

Jumamosi, 31 Mei, usiku

Nimekaa na kalamu. Sensa ya 400D ni milimita 22.2 kwa 14.8. Ya A720 haifiki hata 6 kwa 4.5. Ukizidisha urefu kwa upana, ile kubwa ina eneo la mara kumi na tatu hivi la ndogo. Sasa hiyo ndogo imegawiwa vitone milioni nane. Kila kitone kinapata kijisehemu cha mwanga, na mwanga ukiwa haba kamera inaanza kubahatisha: picha inajaa chenga, weusi wa buibui unakuwa zambarau, sura inapakwa mafuta. Mchana wa jua la Maskati hutaona tofauti, na ndiyo maana dukani, chini ya taa zile zote, kila kamera ni nzuri.

Nikaendelea kwenye lenzi. Ile wanayokupa pamoja na SLR, ya 18 mpaka 55, ukiivuta mwisho uwazi wake ni f/5.6. Canon wana lenzi nyingine, ya 50 isiyovutika, f/1.8, ya plastiki, gramu 130, ndiyo ya bei ndogo kuliko zote walizonazo. Inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya kwanza. Mara kumi, kwa karabai, ndiyo tofauti ya kumpata bi harusi na kupata kivuli chake.

Nikon nao wana 50 yao rahisi, lakini D40 haina mota ya fokasi ndani ya mwili, kwa hivyo lenzi ile juu yake inafokasi kwa mkono tu. Macho yangu ya miaka hamsini na kitu, kwenye kijitundu kile, usiku? D40 nimeikata, na ndiyo iliyonikaa mkononi vizuri kuliko zote.

Jumatatu, 2 Juni

Mwenzangu wa ofisini kaniazima D40 yake kwa jioni moja. Nimeikata, lakini tabia ya SLR ni ileile, na mtu hanunui kitu cha pesa nyingi bila kukijaribu. Nikachukua na kamera ndogo ya dada, nikashuka pwani hapa hapa Ghubra baada ya alasiri.

Kufungua mlango wa gari tu, lenzi zote mbili zikawa nyeupe. Kamera imetoka kwenye kiyoyozi, nje ni joto la Juni na unyevu wa bahari, kioo kinatoka jasho. Ile ndogo ikakauka upesi. Kubwa ikanisimamisha, maana kioo chake ni kingi na kila kimoja kina ukungu wake, mpaka kile cha kuchungulia. Dawa yake naijua tangu zamani, ni kuifunga ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, ipate joto humo taratibu, jasho libaki juu ya mfuko. Ila asiyejua ataifuta kwa ncha ya shela na kupaka chumvi lenzi nzima.

Wavuvi walikuwa wanavuta juya, kamba moja imefungwa nyuma ya pikapu inayorudi nyuma mchangani polepole. Samaki wakaanza kurukaruka kwenye nyavu. Nikabonyeza ile ndogo. Ikafikiri. Ikalia "tii", ikafikiri tena, ikapiga, na samaki alikuwa keshatua. Nimejaribu kuwahi kabla, nikapata samaki wasioruka kwa namna mbalimbali. D40 haina mashauriano: kidole kikishuka, kioo kinapanda na picha imeshapigwa. Kwa picha za ukutani kwa khalati haraka hii haina kazi. Kwa bi harusi anapofunuliwa ushungi ina kazi sana, halirudiwi lile.

Magharibi nikapita Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Mnara mkubwa una mita 90 au zaidi kidogo, kuba mita 50, na ukisimama uani kamera ndogo haivipokei vyote viwili pamoja. Nikirudi nyuma nakutana na ukuta. D40 ikivutwa mpaka 18 ilivipokea, minara imeinamiana kidogo lakini imo yote. Nikaona pia kwamba hii 50 ninayoitamani ingenipa kipande cha mnara tu, kwani juu ya 400D inakuwa kama 80 ya zama za filamu. Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Nitakuwa napiga picha na mgongo wangu umegota kabatini.

Ijumaa, 6 Juni

Mwaka mmoja tangu kimbunga cha Gonu. Mama hakusema kitu tangu asubuhi, kisha baada ya chakula akasema: "Leo ndiyo ile siku."

Alikuwa Qurum wakati ule. Wadi, lile bonde kavu, lilishuka na maji yakakutana na bahari njiani, na nyumba ya chini ikajaa mpaka kwenye madirisha. Tulimtoa mapema, alhamdulillahi. Huku Ghubra tulibaki bila maji ya bomba, mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, ule ule tunaouona kila siku hapa pwani, ulisimama, na jambo la kuchekesha na kuudhi ni kukosa maji wakati maji yako kila pahala. Tulipoweza kurudi Qurum, sanduku la picha lilikuwa chini ya kabati, limejaa tope. Picha za karatasi ya kung'aa zikilowa zinagandana uso kwa uso, na ukizibandua, ngozi ya hii inabaki kwenye ile. Nilikaa uani na beseni la maji safi nikijaribu kuziachanisha. Nikapata nusu ya babu. Nikapata mkono wa mama na bangili zake, mwenyewe hayupo.

Picha hiyo ya mkono ilipigwa Capital Art Studio, Mji Mkongwe, duka alilolifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaliendeleza. Kabla yake kulikuwa na Gomes, na kwa jamaa zetu wa Mombasa kulikuwa na Parekh. Kila ukoo wa pwani una Muhindi wake au Mgoa wake aliyewapiga picha. Mama anasema walianza kujitayarisha asubuhi kwa picha ya jioni: nguo zilifukizwa udi, nywele zikapakwa mafuta ya karafuu. Nikamwuliza udi wa nini, picha hainuki. Akanitazama kama mtu asiyefundishika. "Ulikuwa ukienda kupigwa picha, mwanangu. Si kuibiwa."

Khalati ana nakala ya picha hiyo, na za wengine wengi, na kwake maji hayakufika. Kinachofika kwake ni mchwa na unyevu. Mjomba marehemu alirudi na kamera ya Zenit kutoka masomoni Urusi. Nilipoifungua safari iliyopita, ndani ya lenzi kulikuwa na kuvu, limejitandaza kama mizizi.

Jioni nikafanya jaribio la kunakili, kwa picha moja iliyosalimika, ya saizi ya kadi, kumi kwa kumi na tano. Kamera ndogo inasogea mpaka karibu kugusa, na hapo ndipo inapoharibu, maana pembeni mistari inapinda, fremu iliyonyooka inatoka na tumbo, na kivuli cha kamera yenyewe kinaangukia picha. Ukiweka flashi, doa jeupe usoni kwa babu. Kwa lenzi ya 50 hesabu inakuja kwa namna ambayo ningesema imepangwa. Inafokasi kutoka sentimita 45, na hapo karatasi ya kumi kwa kumi na tano inaijaza fremu ya 400D karibu sawasawa, nami niko mbali vya kutosha nisijifunike mwanga. Kwa zile ndogo za pasipoti nitatumia ile 18–55, inasogea zaidi. Dirisha la upande wa kaskazini, picha imelazwa mezani, kamera juu yake, hakuna flashi. Zile zenye vioo vya ukutani itabidi zitolewe kwenye fremu, au zipigwe nikiwa nimevaa buibui jeusi, kioo kisinionyeshe.

Alhamisi, 12 Juni

Harusi ya jirani, ukumbi wa wanawake. Kwenye kadi kulikuwa na maombi mawili, watoto wasiletwe, na simu za kamera zisiletwe. Mlangoni kasimama mwanamke wa makamo anafungua mikoba mmoja mmoja, kwa heshima lakini hadi chini. Mbele yangu kijisichana alikuwa na kamera ndogo ya rangi ya waridi, nyembamba kama kopo la wanja, kaificha kwenye mfuko wa miwani. Ikachukuliwa, ikaandikwa jina, ikawekwa kwenye kikapu.

Ndani, mpiga picha alikuwa mmoja, mwanamke, ana SLR kubwa na flashi juu yake. Nikamwangalia yeye kuliko bi harusi. Kila alipoinyanyua kamera, watu walijua. Wanaotaka walijiweka sawa, wakatengeneza mikufu; wasiotaka walivuta shela au wakageuka kuzungumza na jirani. Hakuna aliyegombana naye. Mama mmoja alimwita mwenyewe: "Njoo hapa, unipige na dada zangu, kisha basi." Akapiga, kisha basi kweli.

Tangu mwanzo nilikuwa nikidhani kwenye shughuli ya wanawake kamera ndogo ndiyo yenye adabu kwa sababu haisumbui. Kila mtu anasema hivyo, na vijitabu vya dukani ndivyo vinavyoziuza, kwamba watu hawatakuona. Lakini ndani ya ukumbi ule kutoonekana ndiko kulikokuwa kosa. Kile kidude cha waridi ndicho kilichotiliwa shaka, na kile kizinga cha kamera kikapewa njia. Mwanamke aliyevua buibui lake kwa kuwa yuko na wanawake wenzake ana haki ya kujua dakika anayotazamwa na kitu kinachohifadhi. SLR inampa hiyo haki bila mtu kusema neno: inaonekana, inalia, na mwenye nayo lazima ainyanyue hadi usoni.

Nimemweleza mama. Hakushangaa. Nadhani alishaniambia Ijumaa, kwa udi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimenunua. EOS 400D na lenzi yake ya 18–55, na ile 50 ya plastiki, ambayo kijana wa Ruwi alinitolea chini ya kaunta kwa kusitasita, kwa kuwa kwake lenzi isiyovutika ni lenzi mbovu. Pamoja na betri mbili za akiba. Hapa ndipo nilipomaliza hofu ya giza. Canon wanasema betri moja inapiga picha kama 500 bila flashi, na sababu ni kwamba SLR unachungulia kwa kioo, si kwa skrini; skrini ndiyo mlaji mkubwa. Betri tatu zilizojaa kutoka Ghubra zinatosha harusi na ukuta mzima wa khalati, hata kama jenereta la jirani litagoma. Hoja ya betri za redio ilikuwa nzito tarehe 29 Mei. Leo ni nyepesi.

Kwa ajili ya kuvu nimekusanya vile vifuko vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vya kunyonya unyevu. Kijana wangu anavyo tele, kwa idadi ya viatu anavyonunua.

Uzito: mwili gramu 510, bado lenzi. Bega la kulia limeshaanza kulalamika na safari haijafika.

Jumatatu, 16 Juni

Mazoezi na mama, sebuleni, taa zimezimwa, tumewasha kandili ya chemli aliyoinunua soko la Matrah kwa mapambo. Lenzi ya 50, f/1.8, ISO 1600. Katika skrini uso wa mama umetoka, chenga zipo lakini ni chenga za kuvumilika. Tatizo ni jingine: uwazi ukiwa mkubwa hivyo, fokasi inakuwa nyembamba. Jicho la kushoto kali, sikio limeshayeyuka. Mama akijongea kidogo tu, na mama hajui kutojongea, fokasi inabaki ilipokuwa pua. Nikamwomba atulie. Akatulia kwa namna niliyoitambua: mgongo wima, mikono juu ya magoti, kidevu chini kidogo, macho kwangu moja kwa moja. Hivyo ndivyo walivyofundishwa studio.

Alhamisi, 19 Juni

Umeme umerudi Unguja jana. Khalati anapiga kelele kwenye simu kana kwamba umeme umeongeza na sauti. Karibu mwezi mzima. Anasema sasa harusi itakuwa na taa za rangi, na DJ. Nikamwambia nimenunua lenzi kwa ajili ya karabai. "Basi tutakuwashia na karabai, usinune." Kaniuliza kamera yenyewe ni kubwa au ndogo. Kubwa, nikasema. "Afadhali. Njoo nayo mkononi, usiitie mkobani, wanawake wote waione tangu mlangoni. Mimi sitaki maneno baada ya harusi."

Jumanne, 24 Juni

Begi karibu limefungwa. Leo khalati kaleta jambo jipya. Walipokuwa wanahamisha kabati kupisha wageni wamekuta bati la biskuti, ndani yake si picha. Ni filamu, vipande vya mraba, vyeusi, kila kimoja kwenye karatasi yake, vimeandikwa kwa penseli majina ambayo baadhi yake yeye mwenyewe hayajui. Hakujua kama vitupwe. Nilisema hapana kwa sauti ambayo mama alitoka jikoni.

Nikamwuliza ukubwa, akapima kwa rula ya mjukuu: karibu sentimita sita kila upande. Kwa hiyo ni zile za kamera za mraba, na ile 18–55 ikisogea kabisa inachukua upana wa karibu sentimita nane kwa urefu wa tano na kitu. Itabidi nirudi nyuma kidogo, lakini itaingia. Kinachotakiwa ni mwanga kutoka nyuma, mweupe na sawa kila mahali, na kugeuza rangi baadaye kwenye kompyuta. Kijana wangu anasema nifungue ukurasa mtupu kwenye leptopu na kuiweka filamu juu ya skrini; nimejaribu kwa kipande cha filamu ya hospitali, vitone vya skrini vinaonekana. Ukiinua filamu juu kidogo, kwa kuiweka kwenye kioo chenye miguu, vinapotea. Kwa hiyo nimeongeza begini karatasi nyeupe za kuchorea ramani, glavu za pamba, na kioo cha fremu moja ya ukutani kwetu nilichokifunga kwenye taulo mbili. Mama anauliza nani kaitoa fremu yake.